Presha Inapokuangusha: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Dawa, Usukani na Ngazi

Presha ikitajwa kuwa inaua, wengi huwaza kiharusi, moyo na figo. Barua tulizochagua safari hii zinahusu vifo vya namna nyingine: mama anayeanguka usiku akienda chooni, dereva anayepata kiharusi akiwa kwenye usukani, fundi anayedondoka jukwaani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka na ajali za barabarani huua milioni 1.19. Linakadiria pia kuwa watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu. Makundi hayo lazima yakutane, na mara nyingi kinachomwangusha mgonjwa ni presha iliyoshuka ghafla aliposimama, dawa aliyoinywa saa isiyofaa, au dawa aliyoiacha kimyakimya.

SWALI: Shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi naye Tanga. Anatumia amlodipini miligramu 10 na haidroklorothiazaidi miligramu 25, zote anakunywa usiku kabla ya kulala. Kliniki wanasema presha yake ni nzuri, 132/78. Lakini ameshaanguka mara mbili akiamka usiku kwenda chooni, na ya pili aliumia nyonga. Majirani wanasema dawa zimemzidi, aziache. Tufanyeje?

JIBU: Mpe mama pole. Dawa asiziache, ila majirani hawajakosea kabisa. Hiyo 132/78 alipimwa akiwa ameketi, na yeye huanguka akisimama. Vipimo hivyo viwili vinaweza kutofautiana sana kwa mtu mmoja.

Mtu anaposimama, damu kati ya nusu lita na lita moja huteremka tumboni na miguuni. Kwa kijana, mishipa hujibana na moyo huongeza kasi ndani ya sekunde chache, wala hajui kama kuna kilichotokea. Kwa mtu mzima aliyeishi na presha miaka mingi, mishipa imekakamaa na vipokezi vya shingoni vinavyopima shinikizo vimekuwa vizito. Ongeza dawa mbili za kushusha presha, damu haifiki ubongoni kwa wakati: macho yanaingia giza, magoti yanalegea, anakwenda chini.

Hilo mnaweza kulipima wenyewe. Tumieni mashine ya mkanda wa juu ya kiwiko, si ile ya kifundo cha mkono. Fanyeni asubuhi kabla ya chai, siku tatu mfululizo, na mkiweza mara moja usiku anapoamka kwenda haja. Mama alale chali kimya dakika 5, mpimeni. Kisha asimame, mtu awe kando yake tayari kumdaka, mkanda ubaki mkononi. Mpimeni tena dakika 1 baada ya kusimama, na mara nyingine dakika ya 3. Wengi huharibu kipimo hapa kwa kuuacha mkono uning'inie. Mkono ukiwa chini ya moyo, mashine husoma juu zaidi ya ukweli, pengine kwa pointi 10, na ule mporomoko mnaoutafuta unafichika. Ushikilieni mkono usawa wa kifua, naye asiukaze.

Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, au ya juu ikienda chini ya 90, hiyo ndiyo presha ya kushuka wakati wa kusimama. Andikeni na mapigo ya moyo. Presha ikianguka na mapigo yakipanda sana, huenda mwili umepungukiwa maji. Presha ikianguka na mapigo yakabaki palepale, shaka iende kwenye mishipa ya fahamu iliyochoka, kama inavyotokea kwa wenye kisukari cha muda mrefu, au kwenye dawa zinazozuia moyo kuongeza kasi, kama atenololi.

Karatasi hiyo mwende nayo kliniki, na la kwanza kumwomba daktari ni kuihamishia haidroklorothiazaidi asubuhi. Ni dawa ya kukojoza, na nguvu yake hufika kileleni saa 4 hadi 6 baada ya kumezwa. Akiinywa saa nne usiku, kuanzia saa nane mpaka saa kumi alfajiri kibofu kinamwita, wakati huohuo ikishusha presha yake. Dawa moja inamwamsha, na hiyohiyo inamwangusha. Msiogope kubadili saa: utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 21,000, ulilinganisha kunywa dawa za presha asubuhi na jioni, na haukuona tofauti katika kinga dhidi ya kiharusi na mshtuko wa moyo. Kwa hiyo chagueni saa iliyo salama kwake.

La pili ni kipimo cha damu cha sodiamu na potasiamu. Dawa hii hupunguza chumvi mwilini, na wanawake wazee ndio huathirika zaidi. Sodiamu ikishuka mtu huyumba, husahau, hujibu ovyo, na nyumbani watu husema ni uzee. La tatu ni dozi. Daktari anaweza kupunguza amlodipini kuwa 5, au ile nyingine kuwa 12.5. Abadilishe moja kwanza, ampime baada ya wiki mbili hadi nne, maana zikibadilishwa zote kwa pamoja hamtajua ipi ilikuwa na kosa. Mwonyesheni pia dawa nyingine zote zilizomo ndani: amitriptilini ya ganzi za miguu, piritoni ya mafua, dawa za usingizi. Zote zinayumbisha.

Sasa kwa nini asiache? Utafiti uliotolewa mwaka 2008 kwa wazee wa miaka 80 na kuendelea, 3,845 kwa jumla, ulionyesha kuwa kuwatibu presha kulipunguza vifo vya aina zote kwa asilimia 21. Faida hiyo ni kubwa mno kuitupa. Lakini wenye mashaka nao wana ushahidi wao: huko Ontario, Kanada, uchunguzi wa mwaka 2012 kwa wazee zaidi ya 300,000 ulikuta hatari ya kuvunjika nyonga ikiongezeka kwa asilimia 43 katika siku 45 za kwanza baada ya kuanza dawa za presha. Kwa hiyo mwezi na nusu wa kwanza wa dawa mpya ndio wa kumwangalia mzee kwa karibu zaidi, na ni busara kufanya vivyo hivyo dozi ikiongezwa.

Usiku akiamka, aketi ukingoni mwa kitanda dakika mbili nzima, apandishe na kushusha visigino mara 20 ili misuli isukume damu juu, asimame akishika kitu kisichohama, ahesabu hadi 30 ndipo apige hatua. Choo kikiwa cha nje, mwekeeni ndoo yenye mfuniko chumbani. Hakuna aibu hapo. Kandambili zilizolika soli ziondoeni, kanga ya kulalia isimburuzikie miguuni, taa iwashwe kabla hajanyanyuka. Choo cha kuchuchumaa ni kigumu kuliko vyote kwa mtu huyu, kwa sababu kuinuka kutoka kuchuchumaa ni kusimama mara mbili: kazieni bomba au nguzo ukutani ya kushikilia. Na anaposali, ainuke taratibu kutoka sajda, au asali ameketi siku ya kizunguzungu. Akifunga Ramadhani, ratiba ya dawa ya kukojoza ipangwe na daktari kabla ya mwezi kuandama. Akipata kuhara au kutapika, pigeni simu kliniki siku hiyohiyo mkauliza kama asimamishe haidroklorothiazaidi mpaka aweze kula na kunywa.

Akihisi giza machoni popote alipo, aketi chini hapohapo, hata kama ni sokoni.

SWALI: Mimi presha ikipanda huwa nahisi, kisogo kinauma. Kisipouma sinywi dawa. Nakosea?

JIBU: Unakosea, ndugu yetu. Watu wengi wana 180 na hawahisi chochote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya wenye presha, asilimia 44, hawajui kama wanayo. Kisogo huuma kwa shingo kukakamaa, kwa mawazo, kwa kukosa usingizi, na maumivu yoyote yenyewe yanapandisha namba. Kunywa na kuacha ndiko kunakoleta ajali: leo presha iko juu bila kinga, kesho dozi inaingia kwenye mwili usioizoea, unasimama unaanguka. Kwa atenololi na propranololi ni mbaya zaidi, kwa kuwa ukizikatisha ghafla presha na mapigo hurudi kwa kishindo.

SWALI: Ni dereva wa lori, natoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Nina miaka 49. Presha ilikuwa 168/104, nikapewa kidonge kimoja chenye losartani 50 na haidroklorothiazaidi 12.5. Kinanikojoza, barabarani huwezi kusimama kila saa, kwa hiyo nikiwa safari nakiruka. Mgongo ukiuma nameza diklofenaki. Nikisinzia natafuna mirungi. Niendelee hivi?

JIBU: Hapana, na tunakushukuru kwa kusema kweli yote. Anza na hicho kidonge. Kina dawa mbili ndani, kwa hiyo ukikiruka kwa sababu ya mkojo unairuka na losartani pia. Safari ya wiki mbili, ukijumlisha foleni ya Kasumbalesa, unaiendesha bila kinga yoyote.

Mwambie daktari maneno haya: "Kazi yangu hainiruhusu dawa ya kukojoza." Zipo njia nyingine. Utafiti uliofanyika katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, na kutolewa mwaka 2019, ulikuta amlodipini na perindopri zikitumika pamoja zinashusha presha ya Waafrika sawasawa na amlodipini na haidroklorothiazaidi. Mchanganyiko huo hauna dawa ya kukojoza. Amlodipini ina sifa nyingine ya kumfaa mtu wa barabarani: hutoka mwilini polepole, hivyo dozi ikichelewa kwa saa kadhaa mambo hayaharibiki. Inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na perindopri inaweza kuleta kikohozi kikavu. Yakitokea rudi, usiache mwenyewe. Ukibadilishiwa, anza ukiwa nyumbani una siku tatu au nne za mapumziko, ujue mwili unavyopokea kabla ya kushika usukani. Beba dawa za kutosha safari mbili, na usiziweke juu ya dashibodi. Jua la kwenye kioo linaziharibu.

Diklofenaki iache. Inapandisha presha, na ikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza, tena kwa mtu anayejinyima maji ili asikojoe, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Kwa mgongo tumia parasetamo, isizidi gramu 4 kwa siku, na upange mto mdogo nyuma ya kiuno. Mirungi nayo, mbali na kukuweka matatani na sheria ya Tanzania, inabana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo. Ikiisha nguvu, usingizi unakuja mzito kuliko ule ulioukimbia. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo vinapandisha presha.

Kusinzia kwako ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi. Muulize mkeo: unakoroma kwa nguvu, halafu pumzi inakatika kidogo, halafu unashtuka kama uliyekuwa unazama? Kola ya shati lako inazidi sentimita 43? Ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unapandisha presha isisikie dawa, na unamfanya dereva asinzie mchana hata akiwa amelala kwa muda wa saa nane. Ni sababu mbili za ajali ndani ya mtu mmoja. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia, na hospitali kubwa zina mashine ya kusukuma hewa puani usiku.

Kuhusu lini usiendeshe: Uingereza dereva wa lori au basi ambaye presha yake akiwa ametulia inakuwa mara kwa mara 180 au zaidi juu, au 100 au zaidi chini, lazima aache kuendesha mpaka ishuke. Tunakushauri ujiwekee kipimo hichohicho, hata kama hakuna anayekulazimisha. Pima asubuhi ya safari ukiwa umeketi dakika 5, hujavuta sigara wala kunywa kahawa kwa nusu saa, mara mbili. Vipimo vyote viwili vikifika hapo au zaidi, mpigie tajiri.

Na haya utingo wako ayajue kwa moyo: uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kuona nusu ya barabara tu, au kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Toa gari barabarani, washa taa za hatari, vuta breki ya mkono, zima injini, toa ufunguo. Angalia saa, ikaandikwe. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha bonge, ila itolewe ndani ya saa 4 na nusu, na mahali penye mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya kichwa. Usimeze asprini njiani, kwa sababu kama ni mshipa uliopasuka itaongeza kuvuja. Usijiendeshe kwenda hospitali.

SWALI: Baba yetu, miaka 66, Mombasa, aligongwa na bodaboda akaangukia kichwa. Alipoteza fahamu kidogo, kisha akainuka akatembea. Anatumia atenololi na asprini ndogo ya 75. Duka la dawa walimpima 196/108, jirani akataka kumpa nifedipini chini ya ulimi ili ishuke haraka. Sasa ni siku ya nne, anasema kichwa kizito. Tungoje?

JIBU: Msingoje. Mpelekeni leo hospitali yenye CT, msomapo barua hii. Kupoteza fahamu kwa mtu wa umri wake kungetosha, hiyo asprini inaongeza wasiwasi, na sasa kichwa ni kizito siku ya nne.

Kuhusu ile nifedipini, mkimwona mtu akitaka kumpa majeruhi wa kichwa dawa ya kushusha presha, mzuieni. Kwanza, maumivu na hofu hupandisha presha ya mtu yeyote, na 196 ya dakika ya kumi baada ya kugongwa haisemi lolote kuhusu ugonjwa wake. Pili, na hili ndilo kubwa: ubongo ukiwa unavuja damu au unavimba ndani ya fuvu, mwili hupandisha presha makusudi ili damu ipenye ubongoni. Ukiishusha ghafla unaukata ubongo damu yake. Hata kwa asiyeumia, nifedipini ya kutafuna au kuwekwa chini ya ulimi huporomosha presha bila mpangilio, na imewasababishia watu kiharusi na mshtuko wa moyo.

Dalili mbaya kabisa kwa aliyeumia kichwa ni presha kuendelea kupanda huku mapigo yakipungua na pumzi zikienda ovyo. Hapo ubongo unabanwa, na dakika zina thamani. Kwa baba yenu kuna mtego: atenololi tayari inapunguza mapigo, kwa hiyo mapigo ya polepole yasiwatie moyo wala msiyatumie peke yake kuamua.

CT ya leo ikiwa safi, bado kazi haijaisha. Ubongo wa mtu mzima umesinyaa kidogo, na vijishipa vinavyovuka kati ya ubongo na utando wa nje vimevutika. Mgongano mdogo unakichana kimoja, damu inavuja taratibu, tone kwa tone, na dalili zinakuja wiki mbili hadi sita baadaye, watu wakiwa wameshasahau ajali. Angalieni kichwa kinachouma zaidi asubuhi, kutapika, usingizi mwingi mchana, kusahau majina, kuburuza mguu mmoja, kikombe kumponyoka. Mkiona hayo, mwambieni daktari neno la kwanza kabisa: "Aligonga kichwa tarehe fulani." Bila tarehe hiyo wengi huandikiwa uzee, kiharusi au malaria. Upasuaji wake ni wa kutoboa matundu madogo kwenye fuvu na kuitoa damu, na wazee wengi hutoka hospitali wakitembea.

Asprini aendelee au asimame, daktari aliyeiona picha ya CT ndiye aamue.

SWALI: Ni kweli mwenye presha akikatwa na panga hutoka damu zaidi?

JIBU: Kidogo, ila dawa za kuzuia damu kuganda, yaani asprini, klopidogreli na wafarini, huchangia zaidi ya presha yenyewe. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kiganja kizima, dakika 10 kamili ukitazama saa, bila kuchungulia jeraha. Kila ukichungulia unabandua bonge lililoanza kuziba. Kitambaa kikiloa ongeza kingine juu yake. Damu ya pua: inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15, pumua kwa mdomo, usilale chali.

Hatari iliyojificha ni nyingine. Mtu ambaye kawaida yake ni 170 akifikishwa zahanati baada ya ajali na kupimwa 105/70, namba hiyo inaonekana nzuri kumbe anapoteza damu tumboni. Kwa majeruhi wa miaka 65 na kuendelea, namba ya juu ikiwa chini ya 110 ichukuliwe kuwa dharura. Akiwa anatumia atenololi au bisoprololi, moyo wake hautakwenda mbio kama wa majeruhi wengine, na mhudumu asiyejua atadhani ametulia. Ndiyo maana tunawasihi wote mnaotumia dawa hizi mweke kadi nyuma ya simu au kwenye pochi: majina ya dawa na dozi, presha yako ya kawaida, kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na namba ya ndugu mmoja.

SWALI: Mimi ni mkwezi wa minazi Pemba. Presha 150/95, nimeanzishiwa atenololi wiki iliyopita. Kazi ndiyo hiyo, sina nyingine.

JIBU: Namba 150/95 peke yake haikuzuii. Kinachokuzuia kwa sasa ni upya wa dawa. Ngoja wiki mbili, halafu jipime kama tulivyomweleza msomaji wa Tanga: umelala, kisha dakika 1 na dakika 3 umesimama. Ikiporomoka, usikwee. Isipoporomoka, anza na minazi mifupi. Mwambie daktari unafanya kazi gani, kwa sababu atenololi inauwekea moyo kikomo cha mbio, na mkwezi huchoka njiani, mikono ikilegea, akiwa hana pa kupumzikia. Huenda akaona dawa nyingine inakufaa zaidi. Kwea asubuhi ukiwa umekunywa maji na kula kidogo, si baada ya mlo mzito wa mchana, maana damu hukimbilia tumboni na presha hushuka kwa saa moja au mbili. Ukiwa juu usigeuze shingo ghafla. Ukianza kuona nyota, kumbatia shina, paji la uso likiligusa, pumua taratibu mpaka zipite, ndipo ushuke.

Wanaotumia prazosini, kwa presha au kwa tezi dume, wasipande popote siku za mwanzo. Dozi ya kwanza inajulikana kwa kuzimisha watu. Inywewe ukiwa tayari kitandani.

SWALI: Marehemu mume wangu alikuwa fundi rangi, alidondoka kwenye jukwaa ghorofa ya pili akafariki siku hiyohiyo. Alikuwa na bima ya ajali. Kampuni inakataa kulipa, inasema alikuwa na presha hivyo alikufa kwa ugonjwa. Nina haki?

JIBU: Pole sana, dada yetu. Kuwa na presha si sababu ya kifo. Bima ya ajali kwa kawaida hulipa kifo kilichotokana na jambo la nje, la ghafla na lisilotarajiwa, na haihusishi kifo cha maradhi. Kwa hiyo swali ni moja tu: kipi kilitangulia, kiharusi au kudondoka? Hilo hujibiwa kwa ushahidi, na kampuni inayodai ni ugonjwa nayo iulizwe ushahidi wake.

Ripoti ya uchunguzi wa mwili, au picha ya CT kama alifikishwa hospitali akiwa hai, ina maelezo mengi. Damu iliyovujia katikati kabisa ya ubongo, bila jeraha la nje mahali pake, huelekeza kwenye mshipa uliopasuka kwa presha. Fuvu lililopasuka, michubuko ya ubongo chini ya mpasuko au upande wa pili, damu kati ya fuvu na ubongo, mbavu au nyonga kuvunjika, ni mambo ya kuanguka. Soma fomu ya daktari ya sababu ya kifo. Sehemu ya kwanza huandika mnyororo uliosababisha kifo, na sehemu ya pili huandika hali nyingine zilizochangia. Presha ikiwa imeandikwa sehemu ya pili tu, hoja ya kampuni kwamba ndiyo chanzo inapungua nguvu. Ikiwa imeandikwa sehemu ya kwanza bila uchunguzi wowote, mwombe daktari aliyejaza aeleze kwa maandishi alitegemea nini.

Tafuta mafundi wenzake mapema, kabla kumbukumbu hazijafifia. Je, ubao uliteleza au ulivunjika? Alipiga kelele akianguka, akajaribu kushika kitu? Anayeteleza hupapatika, aliyepatwa na kiharusi mara nyingi hulegea kabla. Piga picha jukwaa kama bado lipo. Chukua kadi yake ya kliniki: vipimo vya 130 na 140 vya miezi ya mwisho vinapunguza nguvu ya hoja yao. Angalia pia fomu aliyojaza wakati wa kukata bima. Kama aliulizwa kuhusu presha akasema hana, hilo ni tatizo jingine na utahitaji mwanasheria.

Ukiwa Tanzania, malalamiko ya bima yanapelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, baada ya kampuni kukupa jibu lake la mwisho. Liombe liwe la maandishi, lenye kutaja kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Na kwa kuwa alifia kazini, usiishie kwenye bima hiyo. Kama alikuwa ameajiriwa, fungua pia dai la fidia katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni dai linalojitegemea, halisubiri jibu la kampuni, na mwajiri ana wajibu wa kuripoti ajali hiyo. Mtake akupe nakala ya ripoti aliyopeleka.